Milimita Ishirini na Mbili

Mashine ya kukereza ilivuka kutoka kwa Maureen Holroyd
hadi kwangu, mlango wa pili,
kwa mikono ya wanaume wanne na matusi ya Kiyorkshire,
mvua ya Keighley ikiipaka kutu mpya njiani.
"Derek angependa izunguke," alisema. Basi.

Mimi ukerezaji niliusomea Morogoro,
kwenye mashine ndefu kama behewa.
Siku hizi nasukuma vitanda vya wagonjwa usiku,
na asubuhi, kabla ya kulala,
nashuka chumba cha chini na harufu ya dawa mwilini.

Nguzo ya visu aliyoiacha ni ya kizamani.
Kila ubadilishapo kisu, unatafuta kitovu upya,
unapachika vibati chini yake, unatoa, unapachika.
Kisu kikiwa juu ya kitovu kinasugua, hakikati.
Kikiwa chini, kinaacha chunusi
katikati ya uso wa chuma.

Nikaitaka nguzo ya kisasa, ya wenzo:
vuta, chomoa, chomeka, kaza,
kisu kimerudi palepale kilipokuwa jana.
Zinauzwa kwa saizi. Na mimi, kitinda mimba
niliyevaa viatu vya kaka zangu hadi vikaisha,
niliitamani kubwa:
nyeusi, imelowa mafuta, nzito kama kichwa cha ng'ombe.
Kipya kinyemi.

Nikapima.
Toka mgongo wa kitelezo hadi kitovu cha mhimili:
ishirini na mbili.
Kibebeo cha ile kubwa kina sakafu ya kumi na nne,
na kisu chake unene wa kumi na sita.
Thelathini.
Ukishushe hadi kigote, ncha itabaki milimita nane juu,
inakereza hewa.

Nikajidanganya: je, kisu chembamba, cha nane?
Kumi na nne na nane, ishirini na mbili kamili,
bila hata unywele wa kurekebishia.
Nikafuta kalipa kwa shati, nikapima tena.
Kalipa haijui kubembelezwa.

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi,
alizoea kusema msimamizi wetu, Bwana Lyakurwa,
akigusa pua yake, kisha ile pua tuliyokuwa tukiikereza.
Hatukujua kamwe anasema ipi.

Nikaagiza ndogo. Tisa na kumi, kumi na tisa;
zinabaki tatu za kupandishia kwa skrubu.
Ilikuja kwenye boksi ambalo ungedhani ni la sabuni.
Nati yake haikuingia mfereji wa kitelezo,
nikaila kwa tupa ya Derek jioni mbili.

Ndipo nikafungua droo ya vibati.
Alivikata kwenye makopo ya peremende,
vingine vina bado nusu ya ua, nusu ya uso wa msichana,
na kila kimoja kina penseli mgongoni:
"kisu cha shaba". "cha nyuzi". "kile kibaya".
Miaka thelathini ya kusawazisha. Havina kazi tena.
Nikaifunga droo.

Feleji ilitoka kwa utepe mmoja mrefu wa buluu,
uso ukabaki laini, bila chunusi.
Visu vitano, dakika moja. Nikacheka peke yangu.

Maureen nilimkuta akitoa pipa la taka.
"Mashine yako haipumziki," alisema.
"Ya Derek ilikuwa inanyamaza, nyamaza ndefu,
anatafuta vibati vyake.
Nikisikia kimya ukutani, naweka birika."
Akalisukuma pipa hadi ukingoni mwa barabara.

Jumamosi, katikati ya kazi,
kisu kikali, kitovu sawa, hakuna kilicholegea,
nilizima mashine.
Nikakaa juu ya ndoo.

Ng'ambo ya ukuta, baada ya muda,
kijiko kikagonga kikombe.